Oili ya Injini ya Dizeli: Kuchagua, Kuongezea na Kuchanganya Bila Kunokisha Mashine

Kuanzia Januari mpaka masika yaingie, pampu za kumwagilia za Kahe, Mabogini na Mbuguni hazipumziki, na maswali ni yaleyale. "Injini ina namba 40, dukani nimekuta 15W-40, niongezee tu?" "Ya bodaboda inafaa kwenye pampu?" "Hii ya njano na ile nyekundu zinaelewana?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa.

Mwongozo ni wa injini ndogo za dizeli: ya pampu ya kumwagilia, ya mashine ya kusaga, ya jenereta, ya pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono), na ya boti. Ndiyo, boti. Hapa mjini Moshi hatuna bahari, ila wapo wenye vyombo Tanga na Pangani ambao nyumbani ni Moshi, na wao pia hupiga simu. Tena injini nyingi za silinda moja zinazovuta maji mashambani ndizo hizohizo zinazofungwa kwenye boti za mbao. Oili yake huchaguliwa kwa kanuni zilezile, ila boti ina mambo yake, nayo nimeyatengea sehemu huko chini. Magari mapya ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye eksozi siyazungumzii.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Kitabu cha injini. Kama kimepotea, piga picha kibati cha ubavuni chenye jina na modeli, uende nacho dukani.
- Oili ya kujaza mara moja, pamoja na lita moja ya akiba ya aina ileile.
- Filta mpya. Kama injini yako ina chujio la wavu, unahitaji brashi na dizeli safi ya kulioshea.
- Washa mpya (kipete cha kuzibia) ya nati ya kumwagia oili.
- Spana ya saizi yake. Koleo inakula kona za nati, na siku ya tatu utaitafuta patasi.
- Beseni pana, faneli safi, na dumu lenye mfuniko la kuwekea oili chafu.
- Matambara yasiyotoa nyuzi, glavu kama unazo, na sabuni.
- Daftari. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 10.

Hatua ya 1: Jua injini inataka nini, si jirani anatumia nini

Fungua kitabu kwenye ukurasa wa vilainishi. Unatafuta vitu vitatu: namba ya uzito (kwa mfano SAE 40 au 15W-40), herufi za daraja (kwa mfano CD au CF-4), na ujazo wa lita. Andika kwa wino kwenye kipande cha bati au ubao, ukining'inize karibu na mashine. Vijana wanaoendesha pampu hubadilika kila msimu, na kitabu huwa kimefungiwa kabatini kwa mwenye mali.

Kama hakuna kitabu kabisa, soma hatua ya 3.

Hatua ya 2: Soma kopo

Kopo la oili lina picha za magari ya mashindano na maneno makubwa. Wewe tafuta maandishi mawili tu.

La kwanza ni herufi zinazofuata neno API. Zikianza na C, oili imetengenezwa kwa ajili ya dizeli. Zikianza na S, ni ya petroli. Herufi ya pili hupanda kadiri miaka inavyokwenda: CD ni ya zamani sana, CF ilikuja 1994, CH-4 ikaja 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Ile 4 ya mwisho inamaanisha injini ya mipigo minne. Kwa kawaida daraja la juu linafanya kazi ya daraja la chini, kwa hiyo kitabu kikisema CD na dukani ukakuta CF-4 au CI-4, chukua bila wasiwasi. Kinyume chake hapana. Ukikuta FA-4, iache dukani; ni nyepesi kwa makusudi, imetengenezwa kwa malori mapya.

Kopo likiwa na herufi za pande zote mbili, mfano CI-4/SL, linafaa dizeli na petroli. Likiwa na S peke yake, usilitie kwenye dizeli kama unaweza kukwepa. Dizeli hutoa masizi mengi, na oili ya dizeli huwekewa dawa nyingi zaidi za kuyashikilia yasigande kwenye ringi na kwenye njia za oili.

La pili ni namba ya SAE, na hapa ndipo watu wanapopotea. Wengi wanaamini 15W-40 ni nyepesi kuliko namba 40, ati kwa sababu inaanza na 15. Hiyo 15W inaeleza namna oili inavyotiririka kwenye baridi kali. Hupimwa chini ya sifuri, baridi ambayo huku tunaiona kileleni Kibo tu. Namba ya mwisho ndiyo uzito wa oili ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo injini ikishapata moto, namba 40 na 15W-40 ziko kwenye ngazi moja. Tofauti yake ni asubuhi: namba 40 ikiwa baridi ni nzito na hukawia kufika kwenye beringi, 15W-40 hufika mapema.

Rangi haina habari yoyote. Kuna watengenezaji wanaotia rangi nyekundu, wengine kijani, wengine wanaiacha kama ilivyo. Anayechagua oili kwa rangi anachagua rangi.

Hatua ya 3: Linganisha na hali ya hewa yetu

Kwa injini ndogo ya dizeli isiyo na kitabu, Moshi au Arusha, chaguo langu ni 15W-40 ya CF-4 au zaidi. Inafaa Arusha kwenye mita 1,400 hivi, Julai asubuhi wakati mkono unaganda kwenye hendeli, na inafaa Kahe mwezi wa pili saa nane mchana. Huna haja ya 5W wala 10W.

Namba 40 peke yake nayo ni nzuri kwa pampu inayowaka asubuhi na kuzimwa jioni, hasa huku tambarare kwenye joto. Kwa jenereta inayowaka na kuzimwa mara kumi kwa siku kwa sababu umeme unachezacheza, nenda na 15W-40, kwa kuwa kila kuwasha ni dakika ambayo vyuma vinasubiri oili.

Je, 20W-50? Ni ngazi ya juu zaidi ikiwa moto. Kwenye injini mpya hakuna faida. Kwenye injini kuukuu inayokula oili inaweza kupunguza ulaji kidogo huku ukitafuta hela ya ringi, basi ni hapo tu, na hakikisha kopo lina herufi ya C.

Neno kwa wa Arusha na walio juu zaidi, kama Karatu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Hewa ni chache, na ukiilazimisha kazi ileile inatoa moshi mweusi, masizi yanaingia kwenye oili. Oili yako itachoka mapema kuliko ya mwenzako wa Moshi mwenye injini kama yako. Usibadilishe namba ya oili kwa sababu hiyo. Punguza mzigo, na umwage mapema.

Hatua ya 4: Nunua kopo lililo kopo kweli

Oili feki ipo na ya kupima ipo. Ya kupima siipendi hata ikiwa nzuri, kwa sababu hujui pipa lilikuwa na nini kabla, na mkebe wa kupimia umepitia vitu vingi. Kwenye kopo angalia lakiri ya mfuniko isiyoguswa, alama ya ubora ya TBS, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo lenyewe, si kwenye karatasi ya kubandikwa peke yake. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine ya mtaa huohuo, jiulize hiyo tofauti imetoka wapi.

Ukimaliza kopo, litoboe. Makopo matupu yenye sura nzuri hununuliwa, na hayanunuliwi ili yakawekwe maua.

Hatua ya 5: Pima kiwango kabla ya kuongeza chochote

Injini iwe mahali pa usawa. Pampu iliyoegeshwa kwenye tuta la mfereji itakudanganya, na pawatila iliyoinamia mbele vilevile. Zima, subiri dakika kumi oili ishuke. Chomoa stiki, ifute, irudishe, itoe tena usome. Kwenye injini nyingi ndogo za Kichina stiki ni ya kukaza kwa nyuzi. Wakati wa kupima huiingiza mpaka ikae bila kuikaza, lakini fuata kitabu chako.

Kiwango kinatakiwa kiwe kati ya alama mbili. Kikiwa katikati, usiongeze. Tabia ya "kuipa kidogo ya akiba" ndiyo inayotupa oili kwenye kipumulio na kuichoma kwenye silinda.

Hatua ya 6: Kuongezea na kuchanganya

Ukiwa na aina ileile ya kopo, ongeza kidogo kidogo, pima, maliza. Matatizo yanaanza usipokuwa nayo.

Jambo la kutuliza roho kwanza: oili za injini zenye madaraja ya API hutakiwa ziweze kuchanganyikana na nyingine za aina hiyo bila kutengana wala kuganda. Kampuni tofauti si tatizo. Sintetiki na ya kawaida zikikutana hazilipuki. Kinachopotea ni ubora: mchanganyiko unachukua daraja la ile ya chini, na muda wa kumwaga unahesabiwa kwa ile ya chini. Ukitia lita moja ya CD kwenye lita mbili za CI-4, umebaki na CD uliyoinunua kwa bei ya CI-4.

Mimi nazigawa hivi.

Salama mpaka sevisi ijayo: 15W-40 na 15W-40 za kampuni mbili, zote zikiwa na C. Vilevile namba 40 na 15W-40, zote zikiwa na C. Zikiwa moto ziko ngazi moja, kama nilivyosema.

Dharura, kisha umwage mapema: namba 30 kuongezea namba 40 au 50. Usidhani nusu ya 30 na nusu ya 50 ni 40 kamili. Ile nyepesi huvuta zaidi, unapata kitu kinachokaribia. Humu pia naiweka oili ya gari la petroli yenye S peke yake, na ile ya bodaboda. Kama uko katikati ya shamba, kiwango kiko chini ya alama, na kilichopo ni kopo la bodaboda, ongeza kiasi cha kufika alama ya chini, umalize kazi. Injini iliyokosa oili hunoki (vyuma hukwama) ndani ya dakika, lakini iliyopata oili isiyo daraja lake inaharibika kwa miezi. Nisingependa hiyo ya kuazima ipite robo ya oili yote iliyomo, na wiki hiyohiyo ningeimwaga.

Usithubutu: oili ya tutaimu (ya injini za mipigo miwili), oili ya gia, hidroliki, ya breki, ya kupikia, na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Wala usipunguze uzito wa oili kwa mafuta ya taa au dizeli.

Kwenye hidroliki na gia kuna mtego wa namba ambao umewala wengi, hata mafundi. Mtu anaona hidroliki imeandikwa 68 anasema, "Hii ni nzito kuliko 40, itafaa kwenye joto." Hizo ni rula tofauti. Hidroliki 68 hupimwa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, na uzito wake unakaribiana na oili ya injini namba 20. Oili ya injini namba 40 ingepimwa kwa rula hiyo ingesoma karibu 150. Upande wa gia nako, namba 90 ina uzito unaokaribiana na namba 40 au 50 ya injini, kwa hiyo si "nzito mara mbili". Hata uzito ungelingana, dawa zilizomo ni nyingine. Oili ya gia za difu ina salfa na fosforasi za kulinda meno ya gia, na kwenye joto la injini hushambulia bushi za shaba. Wachimbaji wa Mirerani wenye kompresa nao wasikilize: oili ya kichwa cha kompresa na ya injini inayokiendesha ni mbili, kila moja na kopo lake.

Kama una shaka na kopo mbili unazotaka kuchanganya, chukua chupa ya kioo safi, tia kiasi sawa cha kila moja, tikisa, iache mpaka kesho yake. Ukikuta tabaka mbili, ukungu au ute mzito chini, usichanganye. Ikiwa safi, umejua tu kwamba hazigombani. Hujajua kwamba zinafaa injini yako; hilo linasemwa na herufi.

Hatua ya 7: Mwaga ikiwa na moto

Washa injini dakika kumi, zima. Oili yenye moto hutoka na masizi yake. Ikiwa baridi, uchafu unabaki umelala chini ya sampu (sehemu ya chini ya injini inayokaa oili). Angalia usiungue, oili ya moto hushika ngozi. Fungua mfuniko wa juu kwanza, kisha nati ya chini, na uiache itone hadi iishe kabisa, robo saa au zaidi.

Tazama kilichotoka. Vumbi la chuma linalometameta kwenye kidole, vipande, au maji chini ya beseni ni habari ya kumpelekea fundi kabla hujatia oili mpya ya bei.

Kuna wanaosuuza kwa dizeli: wanatia, wanawasha, wanamwaga. Usiwashe injini ikiwa na dizeli au mafuta ya taa badala ya oili, hata kwa dakika moja. Beringi hazina ulinzi wowote hapo. Ukitaka kusafisha injini iliyochanganywa ovyo, tia oili ya bei nafuu yenye C, iwashe saa chache bila mzigo mkubwa, imwage ikiwa moto, ndipo utie ya kukaa.

Hatua ya 8: Filta au wavu

Filta ya kopo: paka oili safi kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kuikaza.

Wavu: utoe, uoshe kwa dizeli na brashi, ukauke, urudishe. Injini nyingi za silinda moja zina wavu peke yake, na wavu huzuia vipande tu. Masizi na vumbi laini hupita. Ndiyo sababu injini hizi zimepewa muda mfupi wa kumwaga, na kopo la bei mbaya halirefushi muda huo. Nikiwa na hela ya kopo moja la sintetiki au makopo mawili ya 15W-40 ya kawaida, nanunua mawili na kumwaga mara mbili.

Hatua ya 9: Jaza

Weka ile washa mpya, nati ikazwe vizuri lakini si kwa kuning'inia kwenye spana. Kuna sampu za aluminiamu, na nyuzi zake hulika. Tia oili kupitia faneli safi, pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu. Pima, ongeza mpaka karibu na alama ya juu.

Nyanyua hendeli ya kuachia presha, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa ili oili ianze kupanda. Kisha washa kwa mwendo wa chini. Injini nyingi za kulala (zenye silinda iliyolala) zina kiashiria chekundu kinachopanda oili ikipata presha. Kisipopanda ndani ya sekunde chache, zima. Kikipanda, acha injini iwake dakika tatu, zima, subiri, pima tena, kwa sababu filta imekunywa kidogo. Angalia kama kuna tone chini ya nati.

Kama filta yako ya hewa ni ya bakuli la oili, badilisha hiyo oili pia, na ifike kwenye alama tu. Vumbi la Kahe kiangazi hujaza bakuli haraka kuliko unavyodhani, na vumbi linalopita hapo ndilo linalogeuza oili ya injini kuwa msasa. Ila ukiijaza kupita alama, injini itaivuta na kuichoma kama mafuta. Hilo nitalirudia mwishoni.

Hatua ya 10: Andika, na uhesabu kwa madumu

Vitabu vya injini nyingi ndogo husema mwaga kila saa 100 hivi, na mara ya kwanza mapema zaidi, injini ikiwa mpya. Injini mpya iache na oili ya kawaida, si sintetiki, ringi zikae vizuri.

Nani ana mita ya saa kwenye pampu? Hesabu kwa dizeli. Jaza tangi, endesha saa moja kwa mzigo wa kawaida, jaza tena uone imekunywa kiasi gani. Injini ya farasi 12 kwenye kazi ya kawaida hunywa kama lita 2 kwa saa. Kwa hiyo dumu la lita 20 ni saa 10, na madumu kumi ni sevisi. Kijana wa pampu anapiga alama moja kwenye daftari kila dumu likiisha. Ni hesabu isiyopotea hata akibadilika mtu.

Oili chafu iende kwenye dumu lenye mfuniko, na dumu liende gereji wanakokusanya. Usimwage karibu na mfereji. Maji ya mfereji wetu wa juu ni ya kunywa kwa walio chini. Osha mikono kwa sabuni, si kwa petroli. Oili iliyotumika ina vitu visivyofaa kukaa kwenye ngozi.

Kwa wenye boti

Injini ya boti hufanya kazi kwa mzigo mmoja kwa saa nyingi bila kupumzika, imefungiwa kwenye sanduku lisilopitisha upepo, na maji ya kuipoza yako hatua moja tu kutoka kwenye oili. Namba huwa zilezile: SAE 40 au 15W-40 kwa injini ndogo za pwani, kadiri ya kitabu. Mambo ya kuzingatia ni haya.

Pima oili boti likiwa limetulia majini, si likiwa limelalia ubavu mchangani. Injini nyingi hufungwa zikiwa zimeinama kidogo kufuata shafti ya panga (propela), kwa hiyo alama za stiki zinatakiwa ziwe za mkao huo.

Pima kila siku kabla ya kutoka, na unachotafuta ni maji zaidi kuliko upungufu. Chumvi ikiingia kwenye oili, kutu kwenye kranki haingoji sevisi. Boti likikaa miezi bila kazi, mwaga oili kabla ya kuliegesha, si baada, kwa sababu oili chafu ina asidi na unyevu.

Gia ya boti ina oili yake. Kuna gia zinazotaka oili ya injini, na kuna zinazotaka oili ya gia otomatiki, ile nyepesi ya ATF. Zinafanana kwa nje. Soma kibati cha gia yenyewe.

Bandarini utaambiwa kuna "oili ya meli" ya pipa, namba 40, bei nafuu. Meli kubwa zinazochoma mafuta mazito yenye salfa nyingi hutumia oili yenye kinga kali ya asidi, ile namba ya BN ikiwa 30 na kwenda juu. Injini yako inachoma dizeli ya kituo cha mafuta, ambayo Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Kinga hiyo haina asidi ya kupigana nayo, inabaki jivu gumu juu ya pistoni na kwenye valvu. Kwa dizeli yetu BN ya 10 hadi 15 hivi inatosha, na ndiyo utakayoikuta kwenye makopo mengi ya 15W-40.

Na wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu wenye injini za petroli za kuning'iniza nyuma: hizo ni habari nyingine. Ya mipigo miwili inataka oili yenye alama TC-W3, inayochanganywa na petroli. Ya mipigo minne inataka yenye alama FC-W. Hakuna kati ya hizo inayoingia kwenye dizeli.

Injini ikileta shida

*Oili mpya imekuwa nyeusi siku moja tu.* Ni kawaida kwa dizeli. Oili inashika masizi, ndiyo kazi yake. Iangalie kwa vidole: ikiwa inateleza, endelea. Ikiwa nzito kama lami au ina mchanga, mwaga.

*Ina rangi ya chai ya maziwa.* Maji yameingia. Weka tone kwenye bati la moto: ikichacharika, ni maji. Usiwashe. Kwenye pampu angalia gasketi ya kichwa na mipira ya silinda. Kwenye boti anza na kipoza oili. Kubadilisha oili bila kuziba njia ya maji ni kutupa kopo.

*Kiwango kinapanda bila kuongezwa.* Kama si maji, ni dizeli inayovujia ndani, mara nyingi kupitia nozeli mbovu au pampu ya mafuta. Nusa stiki, dondosha tone kwenye gazeti uone kama linaacha duara jepesi linalotambaa mbali. Oili imepoteza uzito, na sampu iliyojaa ni hatari. Mwaga, tengeneza, ndipo utie mpya.

*Moshi wa bluu, oili inapungua.* Ringi au gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) zimechoka, au umejaza kupita kiasi. Angalia kiwango kabla ya kumlipa mtu afungue injini. Jenereta inayowaka kutwa kwa taa mbili tu nayo hutema oili kwenye eksozi, kwa sababu silinda haipati moto wa kutosha, ipe mzigo.

*Kiashiria chekundu kinashuka injini ikipata moto.* Oili nyepesi mno, au imechanganyika na dizeli, au wavu umeziba, au beringi zimekwisha. Anza na wavu, ni bure.

*Nimeshatia isiyofaa.* Kama hujawasha, mwaga yote na ujaze sahihi, yameisha. Kama umewasha kwa oili ya injini ya petroli, maliza kazi ya leo umwage. Kama ni ya gia, hidroliki, breki au tutaimu, zima sasa hivi, mwaga, suuza kwa oili ya bei nafuu kama nilivyoeleza hatua ya 7, na ubadilishe filta.

*Injini imepandisha mwendo yenyewe, haizimiki hata ukifunga mafuta.* Inachoma oili yake, aidha kutoka sampu iliyojazwa mno au kutoka bakuli la filta ya hewa. Waondoe watu, usisimame upande wa gurudumu. Ziba tundu la hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa kiganja, au nyanyua hendeli ya kuachia presha kama unaifikia bila kujiweka hatarini. Ikizimika, usiiwashe tena mpaka umepima sampu na bakuli, vyote viwili, na umepunguza kilichozidi.